Wanakuchukia kwa Lipi?

Bagamoyo

Kwako Baba Neema,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako imenifikia na nimeisoma yote. Wamekutenga pale ghalani, wamekubandika jina la mlokole, chai ya saa nne wanakunywa bila kukuita, nawe unasema Yohana 15, pale Bwana anapowaambia wanafunzi wake kuwa ulimwengu utawachukia, imetimia kwako. Huenda ni kweli. Ila umeyachanganya mambo matatu, na dawa yake si moja.

Umekataa kusaini mifuko 600 ya mbolea wakati uliyoihesabu ni 580. Hapohapo, wenzako wanalalamikia mahubiri unayoyafungulia kwa sauti kwenye simu ofisini. Na siku za mazoezi ya kwaya unaondoka kabla lori la mwisho halijamaliza kushusha, wakabaki na mzigo wako. Chuki inayotokana na ile mifuko ndiyo Bwana aliyoitabiri. Hizo nyingine, ndugu yangu, umejitakia. Petro alipowaonya watu wasiteswe kwa makosa yao, alimtaja mwuaji na mwivi, kisha akamtia humohumo mtu "ajishughulishaye na mambo ya watu wengine" (1 Petro 4:15). Hata ile heri ya Mathayo 5:11 ina masharti: wawe wanasema kwa uongo, na iwe kwa ajili yake Kristo. Wakisema unaondoka kazini mapema, uongo uko wapi?

Kwa hiyo anzia hapo, wiki hiihii. Mahubiri sikilizia nyumbani. Ruhusa ya kwaya iombe kwa maandishi, na ukikataliwa, baki mpaka lori liishe. Ukiyaacha hayo yaendelee, anayeitaka ile mifuko 20 atajifichia humo: atamwambia bosi kuwa tatizo ni tabia yako, naye bosi ataamini kwa sababu nusu ya maneno ni kweli.

Sasa hiyo mifuko. Soma Matendo 16 na 19 kwa kufuatana, uangalie ghasia zilianzia wapi. Filipi, Paulo alipomtoa pepo wa uaguzi yule kijakazi, mabwana wake waliona tumaini la faida yao limepotea. Efeso, Demetrio aliwakusanya mafundi wa fedha akaanza na habari ya kipato chao, ndipo akamtaja Artemi, mungu wao wa kike. Dini ilipandishwa juu, chini yake palikuwa na mfuko uliotoboka. Kwa hiyo mtu akikugeuka ghafla, jiulize amepoteza nini kwa sababu yako. Ukishajua, hofu inapungua, na unaacha kumwona kila mtu kuwa ametumwa na shetani.

Halafu angalia karani wa mji wa Efeso alivyowatetea akina Paulo: watu hawa hawakuiba vitu vya mahekalu wala kumtukana mungu wetu. Paulo alikuwa amefundisha mji ule kila siku kwa miaka 2, katika darasa la Tirano, na bado mtu asiye wa imani yake aliweza kusema hivyo mbele ya umati. Hapo Tanga, ambapo kanisa na msikiti vinapakana na watu wanazikana bila kuulizana dini, hili ni kubwa. Ulimwengu anaousema Yohana ni mwenendo unaomkataa Mungu. Sio Waislamu. Anayekushurutisha uandike 600 anaweza kuwa mzee wa kanisa, na Mwislamu wa zamu yako akawa ndiye shahidi wako. Usikubali mtu yeyote, hata mchungaji, aligeuze suala la mifuko kuwa vita ya dini.

Nikupe na ushahidi wa nje ya Biblia. Plinio alikuwa gavana wa Kirumi wa Bithinia na Ponto, majimbo yaleyale Petro aliyoyaandikia. Mnamo mwaka 112 hivi aliwahoji Wakristo, hata akawatesa watumishi wawili wa kike, kisha akamwandikia Kaisari Trajano alichokipata: wanakutana kabla ya mapambazuko, wanamwimbia Kristo, wanaapa kutoiba, kutozini, kutovunja ahadi, na kutoikana amana wanapodaiwa. Amana, Baba Neema! Mzigo wa watu ulioko ghalani kwako ni nini kama si amana? Trajano naye alijibu kwamba mashtaka yasiyo na jina yasipokelewe. Basi na wewe usiandike barua ya siri kwa bosi. Sema kwa jina lako.

Karatasi ya kupokea mzigo uishike hivi. Hesabu lori likiwa bado lipo, dereva akiwa amesimama pembeni yako. Andika kwa kalamu ya wino, kwa tarakimu na kwa maneno, "nimepokea mifuko 580, mia tano na themanini, pungufu 20", na uandike juu ya mahali pa saini, siyo chini. Nafasi iliyobaki wazi ichore mstari isije ikajazwa baadaye. Dereva asaini kwanza, wewe ufuate. Wengi hunaswa kwenye "saini tu, tutarekebisha kesho". Ukishasaini 600, ile 20 ni deni lako. Nyumbani weka daftari: tarehe, saa, namba ya lori, nani alikwambia nini. Karatasi za ofisi usizipige picha kwa siri, utawapa kosa la kukushika nalo.

Wakikutukana, jibu mara moja, kwa ufupi, kisha nyamaza. Bwana mwenyewe alipopigwa kofi kwa kuhani mkuu aliuliza, "wanipigia nini?" (Yohana 18:23). Hakurudisha kofi, wala hakukubali uongo. Paulo naye huko Filipi alikataa kutolewa gerezani kimyakimya, akadai waliomchapa waje wenyewe.

Kwenye msiba wa mwenzako nenda, mchango toa kama zamani. Na katika mkesha wa maombi, anayekuchukia usimtaje kama adui wa kupigwa. Mwombee kwa jina, na mtoto wake anayeumwa mtaje pia. Mambo ya kuomba maadui waanguke hayamo katika Luka 6:28.

Wakikuachisha kazi, usiondoke na uchungu tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa dini, na malalamiko ya kuachishwa isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Ukichelewa, utaanza kwa kuomba kuongezewa muda, na ombi hilo linaweza kukataliwa. Daftari lile nenda nalo.

Msalimie Mama Neema na watoto. Niandikie ukishaongea na bosi kuhusu ruhusa ya kwaya.

Wako katika Bwana,
Baba Eliya