Ahsante, fundi wa Darajani

Ndugu yangu, jina lako sikukuuliza, na pesa yangu uliikataa. Nilikuletea kaseti ya marehemu mama, utepe umekatika, umejisokota. Ukauunga kwa kipande cha selotepu, ukauzungusha kwa penseli, taratibu, mpaka wimbo ukatoka: "Pyar Hua Iqrar Hua" wa filamu ya Kihindi ya Shree 420, ya mwaka 1955. Waimbaji Lata Mangeshkar na Manna Dey! Na kwenye filamu, waigizaji Raj Kapoor na Nargis chini ya mwavuli mmoja, mvua inanyesha. Mama Kihindi hakukijua, lakini wimbo huu aliuimba wote huku akikuna nazi. Aliurekodi redioni, na katikati imo sauti yake, ananiita nipunguze moto. Miaka sita sikuwa nimeisikia. Mungu akujaze kheri, wewe na wazazi wako.