Kibao cha kingereza na beseni la kayabo

Ndugu mhariri,

Mi si mwandishi, nauza kayabo, yaani sangara wa chumvi, hapa soko la samaki la mwaloni Kirumba, ila kabla ya samaki nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka kumi na moja, kwaiyo naomba nafasi kidogo nimjibu yule ndugu alieandika wiki iliyopita kwamba sisi wazazi ndo tunaua kingereza cha watoto maana tukifika nyumbani tunaongea nao kiswahili, na wengine, anasema, hata kisukuma. Hiyo "hata" yake imenikaa kooni ka mwiba wa sato.

Tena si yeye peke yake. Kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa binti yangu (kidato cha pili, shule ya hapahapa jijini, jina tuliache) tuliambiwa maneno hayohayo, alafu tukaambiwa kuna kibao. Chenyewe ni kipande cha mbao ka kipande cha sabuni ya mche hivi, kina kamba, anavalishwa shingoni aliekamatwa anaongea kiswahili na hakivui mpaka amkamate mwenzake. Jioni atakaekutwa nacho ana adhabu. Wazazi tukapiga makofi. Na mimi nilipiga, nisijifanye mjanja saa hizi.

Muhula mmoja tu baadae, mtoto ambae nilikuwa namwambia hebu pumzika mama masikio yangu yanauma, akawa bubu. Sio kwamba sasa anaongea kingereza, haongei kitu. Ananiambia mapumziko wanakaa vikundi vikundi kimya, wanaviziana, anaetaka kusema jambo anaenda chooni. Kibao kimemfundisha kunyamaza kwa kingereza, basi.

Hapo ndo nikakumbuka chuo. Tulikuwa na somo la misingi ya elimu, walimu wenzangu mnalijua, majina ya wazungu yamepangwa ka mafungu ya dagaa: Locke anasema akili ya mtoto ni karatasi tupu, Skinner na njiwa wake aliowafundisha kwa kuwapa punje, Piaget, Vygotsky. Tukayakariri yote. Yaani tulikariri neno kwa neno nadharia zinazosema mtoto haelewi kwa kukariri, tukafaulu, tukaajiriwa, tukaenda kukaririsha watoto wa watu.

Skinner aliandika mwaka 1957 kwamba lugha ni tabia ka tabia nyingine, mtu akisema kitu kikapokelewa vizuri atakirudia, ndo inajengeka hivo. Ukikitazama kibao unaweza ukadhani kimetoka kwake, kumbe Skinner mwenyewe hakuwa mtu wa adhabu, alisema adhabu inaifunika tabia kwa muda haiiondoi, kwaiyo hata yeye angekikataa. Miaka miwili mbele, 1959, akaja Chomsky, mtaalamu wa lugha, akamjibu kwa ukali, kwamba mtoto anatoa sentensi ambazo hajawahi kuzisikia kwa mtu yeyote, sasa atakuwa anamuiga nani? Ana kanuni kichwani anazijenga mwenyewe. Chuoni hiyo niliiandika kwenye mtihani bila kuielewa. Nilikuja kuielewa siku tumepanda daladala na binti yangu huyuhuyu akiwa na miaka minne, tunapita kipilefti cha samaki pale mjini, akaniuliza mama, Mwanza kuna vipilefti vingapi? Nikabaki nacheka peke yangu konda ananiangalia. Hilo neno ni la kingereza cha barabarani, la kumwambia dereva ashike kushoto, waswahili tukasikia "ki" mbele tukaliingiza kwenye ngeli ya kitu vitu, na mtoto wa miaka minne akalitolea wingi papo hapo. Hakuna mwalimu, hakuna fimbo, hakuna cha kuvaa shingoni.

Sasa turudi kwenye hicho kingereza cha darasani. Jumamosi moja alikuja na daftari la bayolojia huku mwaloni, mi nipo na sangara napasua, napaka chumvi, nalaza kwenye beseni. Yeye kaketi juu ya ndoo anasoma osmosisi, kwa kingereza, pumzi moja, haraka ka mtu anaekimbizwa. Nikamuuliza maana yake nini. Akarudia kuanzia mwanzo, haraka zaidi. Nikamuuliza tena kwa kiswahili, we unadhani ni nini, akaanza kulia, akasema mama usinichanganye ntasahau. Nikaosha mikono nikamwita, nikamwambia angalia beseni. Asubuhi nimeweka samaki na chumvi kavu tu, sijatia hata tone la maji, haya hayo maji yaliyojaa chini yametoka wapi? Akachungulia. Akashika samaki akaona nyama imekaza. Kwa samaki, akasema. Nikamwambia chumvi nyingi iko nje, ndani kidogo, maji yanatoka kule yalikojaa yanapita kwenye ngozi za vile vichumba vidogovidogo vya mwili yanaifuata chumvi. Akakaa kimya kidogo alafu akasema kumbe ndo hii? Hii unayofanyaga kila siku?

Kwenye jaribio akaandika osmosisi kwa kingereza chake mwenyewe, akaweka samaki na chumvi, sarufi imepinda lakini jambo lenyewe lipo. Akapigwa mkasi mwekundu kwa sababu haikufanana na ya kwenye nots. Aliekariri bila kuelewa akapata vema. Hapo yule ndugu wa wiki iliyopita aniambie nani kaua nini.

Vygotsky alikufa 1934 hajafika hata miaka arobaini, lakini alishaona kwamba mtoto akishikwa mkono na anaejua zaidi anafika pale ambapo peke yake asingefika, na huko kushikana mkono kwingi ni maongezi, unauliza najibu, unakosea nacheka kidogo nakurekebisha. Utamshikaje mkono kwa lugha ambayo nyote wawili mnaiogopa? Walimu wenyewe wanajua, maana mlango ukifungwa wanafafanua kwa kiswahili, mthibiti ubora, yule mkaguzi wa shule, akionekana getini kingereza kinarudi. Na kuna huyu mtafiti Cummins wa Kanada, alitazama watoto wa wahamiaji akaona kingereza cha kuchezea na kutaniana wanakipata miaka kama miwili, ila kile cha kusomea, cha kueleza sababu na kupinga hoja, kinachukua miaka mitano mpaka saba. Na hao wapo Kanada, kingereza kiko dukani, kiko kwenye basi, kiko kwa jirani. Wetu wanakikuta ubaoni tu, alafu tunawapa wiki chache za maandalizi kidato cha kwanza. Tena huyohuyo Cummins anasema ulichokielewa kwa lugha moja kinahamia kwenye nyingine. Osmosisi haielewi kiswahili wala kingereza jamani, ukishaijua umeijua.

Sisemi kingereza kiondoke. Nyerere mwenyewe alisema kingereza ni kiswahili cha dunia, na mi hapa wateja wangu ni Wakongo, najua lugha ni hela, kilingala cha bei na uzito nimekiokota bila daftari. Tume ya Makweta, ile ya serikali ya kuangalia elimu, mwaka 1982 ilipendekeza sekondari ifundishwe kwa kiswahili, haikufanyika, hiyo tuwaachie wakubwa. Mi nachoomba ni kidogo: kingereza kipewe vipindi vya kuongea, waigize sokoni, wabishane, wacheke, na kwenye bayolojia mwalimu aruhusiwe kufafanua kwa kiswahili waziwazi sio kwa kujificha.

Na ile "hata kisukuma". Nilifundisha darasa la kwanza Kwimba, mtoto anaingia kiswahili chenyewe ni lugha ya pili. Kuna kitoto kimoja wiki nzima hakikufungua mdomo, walimu wenzangu wakaanza kusema hiki hakiko sawa. Asubuhi moja nikakiinamia nikakiambia mwangaluka, salamu ya asubuhi ya kisukuma. We! Kiliniitikia na kunisimulia habari za ng'ombe wao mpaka kengele ikagonga. Nyerere 1967 kwenye Elimu ya Kujitegemea alilalamika kwamba shule inamfundisha mtoto kuwa maarifa yote yanakaa kwenye vitabu na wazee wake hawajui kitu. Ndo hiki tunachoambiwa vikaoni, ila sasa tunakilipia ada.

Ijumaa binti yangu alirudi na kibao shingoni, zamu yake ilimkuta mwisho akasahau kukikabidhi. Alikuwa anatetemeka kwamba Jumatatu ataulizwa. Nimemwambia aseme mama amekichukua. Kipo huku mwaloni, nimekiingiza chini ya mguu wa meza ya mzani ulikuwa unacheza, saa hizi umetulia. Shule wakikihitaji waje wakifuate, niko karibu na geti la kuingilia upande wa dagaa, wakija nawatolea viti tunaongea, kiswahili.

Mama Kayabo,
Mwaloni Kirumba, Mwanza