Sauti nayo ihaririwe

Mhariri,

Mashabiki wanaohariri filamu upya hutaabika sana na picha. Lakini fumba macho usikilize: muziki unakatika katikati ya noti, maneno yanamezwa na ngoma. Kosa hutangulia mkato wenyewe. Mtu kachukua sauti ya stirio, yaani ya chaneli mbili, kushoto na kulia, ambamo mazungumzo, muziki na vishindo vimekwisha kuchanganywa, na vilivyochanganywa hivyo havitenganishiki kirahisi.

Anzia kwenye sauti ya chaneli sita, yaani njia sita za sauti zilizotengana: kati, kushoto, kulia, mbili za nyuma na moja ya besi. Huko mazungumzo mengi hukaa chaneli ya kati, na muziki mwingi hukaa kushoto na kulia. Ukitaka kubadili muziki, zima chaneli za pembeni kwenye eneo hilo, maneno yatabaki. Hayatabaki safi kabisa, kwani nyayo na mabaki ya muziki huvuja hadi katikati. Chaneli ya besi nayo ina tabia ya kusahaulika: mlipuko uliokwisha kuuondoa kwenye picha unaendelea kunguruma chinichini.

Chukua mkato wa kutoka ndani ya gari kwenda chumba kitulivu. Ukikata sauti palepale picha inapokatika, utasikia "tik", kwa kuwa wimbi limekatwa likiwa juu, kisha injini inatoweka kama taa iliyozimwa. "Tik" huondoka kwa kufifisha milisekunde 10 tu. Injini yataka zaidi: iache iingie nusu sekunde ndani ya picha ya chumba, yaani fremu (picha moja moja) 12 kwa filamu ya fremu 24 kwa sekunde, ikififia huku utulivu wa chumba ukipanda. Utulivu huo una sauti yake, usiweke ukimya mtupu. Wengi hufunika kombe kwa muziki, na ndiyo maana filamu hizi zina muziki kila dakika.

Katika kusawazisha viwango vya sauti, panga mazungumzo kwanza, kisha lete muziki chini yake. Muziki ukishindana na maneno, usiushushe wote. Punguza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 au 4 kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2,000 na 4,000, ambako uwazi wa konsonanti hukaa.

Ukiazima sauti kutoka toleo jingine, angalia kasi ya fremu. Kati ya fremu 23.976 na 24 kwa sekunde tofauti yaonekana si kitu, ila kwa saa moja midomo na maneno vimeachana sekunde 3.6. Toleo lililoharakishwa hadi fremu 25 hukimbia kwa asilimia 4 hivi na sauti za watu huwa nyembamba.

Mwisho ni kushusha chaneli sita kwenda stirio. Kwa kawaida chaneli ya kati huingizwa kushoto na kulia ikiwa imepunguzwa desibeli 3, na jumla yake yaweza kuvuka sifuri, yaani kikomo cha juu cha sauti ya kidijitali, ikapasuka. Acha kilele kiishie desibeli 1 chini ya sifuri. Kisha icheze kwenye spika ya simu, sauti ikiwa chini: neno lisilosikika hapo lirudishwe mezani.

Wasomaji wenu, wahariri wa sauti