Fundi kasema laptop haina TPM, kumbe imezimwa tu

Mhariri, naomba kanafasi kadogo. Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, ukipeleka laptop kwa fundi unaambiwa hii haiwezi Windows 11, haina TPM (chipu ya usalama ambayo Windows 11 inaidai), nunua nyingine. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, nikakaribia kuuza ya kwangu kwa bei ya kutupa. Kumbe chipu ya usalama imo humo humo, imezimwa tu! Unawasha mashine huku unabonyeza F2 au Delete (nyingine F10, inategemea kampuni), unaingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), unatafuta sehemu ya usalama, na hapo ndo watu wanapotea maana haijaandikwa TPM kila mahali, kwenye prosesa ya Intel utakuta PTT, kwenye AMD ni fTPM, unaiwasha, unasevu, basi. Ukirudi Windows andika tpm.msc kwenye kisanduku cha kutafuta uone kama ni toleo la 2.0. Kweli za zamani sana hazimo, Intel nyingi kabla ya kizazi cha 8 hata chipu ikiwaka hazikubaliki.

Ila jamani hapo hapo kuna sehemu ya kufuta chipu, hiyo msiiguse ovyo. Shemeji yangu aliifuta akidhani anasafisha mashine, BitLocker (kufuli ya Windows inayofunga mafaili) ikamdai ufunguo wa tarakimu 48, hana, mafaili yote yakaenda na maji. Huo ufunguo mara nyingi uko kwenye akaunti yako ya Microsoft, unakili kwenye karatasi kwanza ndo uchezee BIOS. Yeye mpaka leo tukikaa mezani hataki kusikia neno kompyuta.

Msomaji wenu, Tabata, Dar es Salaam