Mkataba wa mifumo uwe faili la .proto, si PDF

Mhariri,

Mifumo ya SACCO, hospitali na pesa za simu nchini Uganda inazidi kuunganishwa, lakini wapo mafundi wanaopeana hati ya PDF tu, kisha kila upande unaandika msimbo wake kwa mkono. Tunawasihi wapeane faili la ufafanuzi wa kiolesura, yaani linaloeleza jinsi mifumo miwili itakavyozungumza, na msimbo uzalishwe na kompaila, programu inayogeuza ufafanuzi huo kuwa msimbo.

Kwa gRPC, teknolojia ya programu kuitana kupitia mtandao iliyotolewa na Google mwaka 2015, faili hilo huishia na .proto. Hutaja huduma, miito yake na ujumbe unaoingia na kutoka. Kompaila ya protoc hulisoma na kuzalisha msimbo wa seva na wa mteja, hata kama Kampala wanatumia lugha ya programu ya Go na Mbarara wanatumia Java.

Kwenye pesa ndiko hatari ilipo. Aina ya int32, yaani namba kamili ya biti 32, hukomea 2,147,483,647, na kwa shilingi za Uganda SACCO kubwa hupita hapo. Upande mmoja ukituma int64 (ya biti 64) na mwingine ukasoma int32, hakuna kosa linaloripotiwa: shilingi bilioni 3 husomeka -1,294,967,296. Pesa ziwe int64 pande zote. Namba za simu ziwe string, yaani maandishi, la sivyo sifuri ya mbele hupotea.

Kosa jingine ni kurudia namba ya uga, yaani ya kipengele kimoja cha ujumbe. Jina la uga halisafiri mtandaoni, husafiri namba yake. Mtu akifuta uga wa ada wenye namba 4, kisha akaipa salio namba hiyohiyo, programu ya zamani kwenye simu ya wakala itasoma salio kana kwamba ni ada, kimyakimya. Kwenye faili iandikwe reserved 4, yaani namba 4 imefungwa, na kompaila itamkatalia yeyote atakayeitumia tena.

Msimbo uliozalishwa usihaririwe, kwa kuwa protoc ikiendeshwa upya huuandika upya na mabadiliko hayo hupotea. Tena hauweki muda wa kusubiri: gRPC isipopewa kikomo hungoja tu. Fundi aweke kikomo mwenyewe, na kila ombi la malipo libebe kitambulisho cha pekee, ili mtandao ukikatika na ombi likarudiwa, seva isimkate mteja mara mbili.

Taasisi zinazotangaza zabuni za mifumo zidai faili la .proto likabidhiwe pamoja na historia ya mabadiliko yake, kabla malipo ya mwisho hayajatolewa.

Waandishi wa programu,
Kampala