Galaksi hazigongani kama magari

Mhariri,

Picha ya Kundi Tano la Stephan, ile ya darubini ya James Webb ya Julai 2022, kila inapochapishwa huwekewa maelezo kwamba ni galaksi tano zinazogongana. Hesabu imekosewa, na kitenzi nacho kimekosewa.

Hesabu kwanza, maana ni jambo dogo. Zilizo pamoja ni nne. NGC 7320, ya kushoto, iko umbali wa miaka ya nuru milioni 40 hivi. Nyingine ziko karibu milioni 290. Imetukia tu kusimama mbele yao.

Kitenzi ndicho kinachopotosha. Jua likiwa chungwa lililowekwa Dar es Salaam, nyota iliyo jirani yake ni chungwa jingine huko Aden. Galaksi mbili zikipenyana, nyota hupishana bila kuguswa. Kinachozivuruga galaksi ni kani ileile inayojaza na kupwesha maji ya bahari, nayo haitokani na ukubwa wa mvutano bali na tofauti ya mvutano kati ya upande wa karibu na upande wa mbali. Jua huivuta Dunia mara 180 hivi kuliko Mwezi, lakini maji linayoyainua hayafiki nusu ya yale ya Mwezi, kwa kuwa liko mbali mno. Umbali ukipungua nusu, kani hii huwa mara nane. Tena huinua pande zote mbili: ndiyo maana pwani maji hujaa mara mbili kwa siku, na galaksi iliyopitiwa huota mikia miwili ya nyota, mmoja kumwelekea mpitaji na mwingine kinyume chake.

Mwendo nao una kazi yake. Kwenye makundi madogo yaliyobanana, galaksi hupishana kwa kilomita 200 hivi kwa sekunde. Kwenye mafungu makubwa ni 1,000 au zaidi. Apitaye polepole huvuta kwa muda mrefu. Na mwaka 1972 ndugu Alar na Juri Toomre walionyesha kwa kompyuta kwamba mpitaji akifuata upande inakozunguka sahani ya nyota ya galaksi anayoipita, mikia hurefuka sana; akienda kinyume, karibu hakuna kitu.

Gesi ndiyo isiyopishana. NGC 7318B, mojawapo ya zile nne, inalivamia kundi kwa kilomita 900 hivi kwa sekunde, na gesi yake inapokutana na ile iliyokwisha kung'olewa na mapito ya zamani, hupata joto la mamilioni ya nyuzi na kung'aa kwa eksirei. Hapo mwaweza kuandika kugongana, nasi hatutanung'unika.

Kwa picha nzima, mstari mmoja unatosha: "Galaksi nne zinazovurugana kwa mvutano; ya tano, ya kushoto, iko karibu nasi zaidi."

Wapenzi wa falaki,
Tanga