Leteni Tukio Zima: Barua ya Wazi kwa Waandishi wa Hadithi

Wanangu waandishi,

Nawasalimu nyote, mliokwisha kuchapisha na ambao miswada yenu bado imo madaftarini. Nimesoma miswada ya vijana kwa miaka mingi, na siku hizi naona mnaulizana: mwenye mhusika fundi cherehani anamtafuta fundi cherehani, mwenye mhusika mgonjwa anamtafuta muuguzi. Jambo hilo limenifurahisha sana. Ila wengi wenu mnauliza vibaya, na wengi zaidi mnajibu vibaya, kwa hiyo hadithi inatoka mikononi mwenu na tundu lake lile lile.

Chukueni swali ambalo nimelisikia kwa sura nyingi: "Mtu akichomwa kisu anachukua muda gani kufa?" Swali hilo halina jibu. Yupo anayekufa kwa dakika chache kwa kuwa mshipa mkubwa umekatika, na yupo anayefika hospitali kwa miguu yake mwenyewe. Muuguzi atasema "inategemea", na mwandishi ataondoka akidhani amenyimwa msaada. Sasa sikilizeni swali lile lile likiulizwa hivi: "Mhusika wangu ni mwanamke mwenye umri wa miaka 50. Amechomwa kisu ubavuni usiku, yuko peke yake. Nataka aweze kutembea hadi kwa jirani na kumtaja aliyemchoma kabla hajapoteza fahamu. Yawezekana? Na jirani akifungua mlango ataona nini?"

Hapo muuguzi ana pa kushika. Atakwambia kwamba anayepoteza damu nyingi ngozi yake hupoa na kulowa jasho, hupumua harakaharaka, hutapatapa, akili humchanganyika, na huona kiu kali. Atakwambia pia kwamba kisu kikiwa bado kimo mwilini, jirani mwenye busara hakichomoi, kwa sababu huenda ndicho kinachoziba pale palipokatika. Atakiacha kilipo na kukizungushia nguo kisitikisike. Tazama ulichopewa hapo: kiu. Mwanamke amefika mlangoni na jina la muuaji limo kinywani mwake, lakini anachoomba ni maji. Hukulitafuta hilo, na pengine ndilo litakalobeba sura nzima.

Kwa hiyo leteni tukio zima. Semeni ni saa ngapi, nani yupo, na mnataka mambo yaishie wapi. Msione haya kutaja mnachokitaka. Mjuzi akijua mnakoelekea atawatafutia namna ya kufika. Asipojua, atawaambia tu kwamba haiwezekani, na mtabaki mmekwama.

Yapo pia makosa ambayo hakuna anayeyauliza kwa sababu kila mtu anaamini anayajua, na haya ndiyo yanayoniuma zaidi. Mhusika anapigwa rungu la kichwa, anazimia kwa muda wa saa tatu, anaamka na kuanza kuwakimbiza maadui. Jamani, aliyezimia kwa saa kadhaa baada ya kupigwa kichwani ameumia ubongo. Akiamka hatakimbia popote. Mhusika anazama ziwani huku akipunga mikono na kupiga mayowe. Anayezama kweli mara nyingi hana pumzi ya kupigia kelele. Mdomo wake unatokeza juu ya maji kwa muda mfupi mno, mikono inayasukuma maji kuelekea chini, na walio mita chache kutoka kwake huenda wasijue kitu. Mtoto wa miezi miwili anakaa mwenyewe mkekani. Umeme unamulika kilomita tatu mbali na ngurumo inasikika papo hapo, ilhali sauti huhitaji karibu sekunde tatu kwa kila kilomita. Na mwezi! Sijui ni nani aliyewafundisha kuuweka angani popote mnapopenda. Hilali ya mwanzo wa mwezi huonekana upande wa magharibi baada ya jua kuzama, nayo hutua muda mfupi baadaye. Mkitaka mwanga wa mwezi saa sita za usiku, wahusika wenu watoroke siku za mwezi mpevu, ambao huchomoza jua linapozama na kukesha nao. Mkiubadilisha mwezi, hesabuni na siku zilizopita kati ya sura na sura.

Makosa ya aina hii hayaponi kwa kuuliza, maana anayeyaandika hajui kwamba kuna la kuuliza. Yanapona mswada ukisomwa na watu wa kazi na maisha tofauti. Mnapompa mwenzenu mswada, msimwombe asahihishe tahajia peke yake. Mwombeni aweke alama pembeni kila mahali aliposita, hata kama hawezi kueleza kwa nini amesita.

Mfano mmoja unajulikana sana. Katika riwaya ya William Golding ya mwaka 1954, Lord of the Flies, wavulana waliokwama kisiwani wanawasha moto kwa miwani ya mwenzao Piggy. Lakini Piggy haoni mbali, na kioo cha miwani ya asiyeona mbali ni chembamba katikati na kinene pembeni; huutawanya mwanga badala ya kuukusanya. Hata jua liwe kali vipi, hakiwashi moto. Mtu yeyote mwenye miwani ya namna hiyo angeweza kuishika juani juu ya kikaratasi na kuona mara moja.

Najua mtakachonijibu: Golding alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1983, na kitabu chake bado kinasomwa. Ni kweli, na simpunguzii heshima hata chembe. Ila msomaji akikukamata katika jambo analolijua, huanza kukushuku katika yale asiyoyajua, na nyinyi mnaoanza bado hamjaaminiwa kiasi cha kusamehewa upesi.

Sasa nyinyi mnaojibu. Ukiwa umeliona jambo kwa macho yako au umelifanya kwa mikono yako, sema hivyo. Ukiwa umelisikia kwa mtu, sema umelisikia. Ukiwa umelitazama kwenye filamu tu, nyamaza. Nalisema kwa ukali na kwa makusudi. Filamu zimewafundisha watu kwamba moyo ukisimama kabisa, na mstari ukinyooka kwenye mashine, daktari anaushtua kwa umeme na mgonjwa anaamka. Mshtuko ule ni wa moyo unaotetemeka ovyo bila kusukuma damu. Mstari ukinyooka, wahudumu hukandamiza kifua na kutoa dawa, na mara nyingi mgonjwa harudi. Mwandishi mmoja aliiga filamu, wa pili akamwiga wa kwanza, na leo kosa lina nguvu kuliko ukweli wenyewe.

Msijibu pia kwa kumwandikia mwenzenu hadithi yake. Amekuuliza mlango wa gari la wagonjwa unafungukaje. Usimwambie mhusika wake asiende hospitali. Wala msimcheke aliyeuliza jambo mnaloliona dogo, maana akichekwa leo, kesho atabuni kimyakimya. Mpeni vitu vya mwilini: kinachouma jioni baada ya kazi, mahali mkono unapokwenda wenyewe bila kufikiri, harufu inayobaki kwenye nguo. Fundi cherehani akikwambia kwamba hubana pini midomoni na kwa hiyo hujibu wateja kwa kuguna, amekupa mtu mzima kwa sentensi moja.

Mkikaa na mtu wa kazi na maswali yakawaishia, muulizeni hivi: ni kitu gani kinakuudhi watu wanapoandika kuhusu kazi yako? Sijaona swali linalofungua kinywa cha mtu haraka kuliko hilo.

Kuna mipaka, na naiomba iheshimiwe. Aliyefiwa, aliyebakwa, aliyetoka vitani, si kamusi ya kufunguliwa mnapohitaji. Ombeni ruhusa kwanza, kubalini akikataa, na msitumie tukio lake likiwa zima hata atambulike. Vipimo vya sumu na njia za mtu kujidhuru hadithi haivihitaji. Msomaji anahitaji kuona mkono uliotetemeka na mlango uliofungwa kwa ndani, basi. Anayeng'ang'ania kujua kiasi cha gramu, msimjibu.

Na mkishajibiwa, msimwage yote kwenye ukurasa. Mkipewa mambo kumi, mawili yatatosha. Mengine manane yatawasaidia nyinyi kuandika kwa kujiamini. Kisha, kabla ya kuchapisha, mpelekeeni aliyewajibu kurasa zile zinazohusu alichowaeleza. Asizisome akiwa shabiki wenu, azisome kama muuguzi, kama fundi, kama mvuvi, na awaambie palipobaki uongo. Wengi husahau hatua hii, na aliyewajibu hukutana na maneno yake kitabuni yakiwa yamepotoshwa wakati hakuna tena wa kuyarekebisha.

Wenu katika kalamu,
Mzee wenu